Michezo ya kumjengea mbwa ujasiri na akili: mwongozo kamili kwa mbwa wa nyumbani

Pita mtaa wowote wa Arusha, Nakuru au Mbagala wakati wa jioni, hutakosa kumwona mbwa aliyefungwa mnyororo kutwa nzima nyuma ya nyumba. Anabwekea kila kinachopita, lakini mgeni akisimama na kumkabili, anarudi nyuma huku amefyata mkia. Mwenye nyumba anamsifu kwamba ni mkali. Mimi namwona mbwa mwenye hofu. Na mbwa mwenye hofu ndiye anayemng'ata mtoto wa jirani, ndiye anayetoroka geti likigongwa kwa nguvu, ndiye anayejificha uvunguni mwa gari radi ikipiga.

Ujasiri hufundishika. Mwaka 1967, Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio ambalo leo ni vigumu kulisoma bila uchungu. Mbwa wa kundi moja walipigwa shoti za umeme walizoweza kuzikata kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wa kundi jingine walipigwa shoti zilezile bila njia yoyote ya kuzizuia. Baadaye wote waliwekwa ndani ya sanduku lenye kizuizi kifupi, ambapo kuruka tu kulitosha kuukwepa umeme. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala wakavumilia. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba mbwa wale walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 watafiti haohao waligeuza maelezo yao: kiumbe akizidiwa na mateso, kulala na kuvumilia hakuhitaji kufundishwa. Kinachojifunzwa ni kujua kwamba nikifanya jambo, kitu kinabadilika.

Hilo ndilo tunalomfundisha mbwa kwa michezo hii. Kwa hiyo kanuni ni moja katika hatua zote: mbwa aanze mwenyewe, achague mwenyewe, afaulu mwenyewe. Hakuna mahali utamburuta, utamsukuma wala utamshika kichwa umwonyeshe.

Kabla hujaanza

Hakikisha mwili wake uko sawa. Mbwa mwenye kupe masikioni, funza miguuni, minyoo au jino bovu ataonekana mwoga kumbe anaumwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imeshachomwa; mtoto wa mbwa kwa kawaida huchomwa akifikisha miezi mitatu. Na mtu yeyote aking'atwa, hata na mbwa wa hapo nyumbani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Andaa zawadi, yaani vipande vya chakula anachokipenda kweli, kila kimoja kisizidi punje ya harage. Ugali mkavu unafaa kwa michezo rahisi. Kwa mambo yanayomtisha, tafuta kitu chenye harufu: dagaa wasio na chumvi, yai la kuchemsha, maini au mapafu ya ng'ombe. Nyama za ndani zichemshwe mpaka ziive kabisa. Mapafu na maini mabichi yanaweza kumwambukiza mbwa mnyoo tegu ambaye mayai yake yakimwingia binadamu huota malengelenge makubwa kwenye ini na mapafu, ugonjwa uliowatesa sana wafugaji wa Turkana. Usimpe kamwe chokoleti, vitunguu, zabibu, makadamia, mifupa iliyopikwa wala bazoka zisizo na sukari. Gunzi la mahindi nalo liondoe kabisa kwenye orodha yako ya vitu vya kuchezea, kwa sababu akilimeza linakwama kwenye utumbo na mara nyingi haliondoki bila upasuaji.

Chakula cha michezo kikatwe kwenye mlo wake wa siku, kisiongezwe juu yake. Mbwa aliyeshiba hachezi.

Msome kabla ya kumfundisha

Weka trei tupu ya mayai mahali ambapo haijawahi kuwa, kisha kaa pembeni utazame. Mbwa mwenye wasiwasi ataiendea shingo ikiwa imerefuka, pua imetangulia, lakini miguu ya nyuma imebaki palepale na uzito wote umeegemea nyuma. Yuko tayari kuruka na kukimbia. Ukimsogezea trei wakati huo umemharibia. Subiri miguu ya nyuma nayo isogee. Kwangu hiyo ndiyo dalili ya kuaminika kuliko mkia, kwa sababu mkia hutikiswa na mbwa mwenye furaha na mbwa mwenye wahaka vilevile.

Dalili nyingine: anajilamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hajachoka, anageuza kichwa pembeni, weupe wa jicho unaonekana. Hizo zote ni ombi la nafasi. Akijikung'uta mwili mzima kama aliyetoka majini, mara nyingi ameutua mzigo, na unaweza kuendelea taratibu.

Kipimo rahisi zaidi ni chakula chenyewe. Akichukua kwa upole, yuko sawa. Akikipokonya kwa meno makali kuliko kawaida yake, amekaribia kuzidiwa. Akikataa dagaa ambaye jana alimgombania, ameshazidiwa, na hapo hakuna somo litakaloingia. Mwondoe au uondoe kinachomtisha.

Hatua ya kwanza: neno la alama

Mbwa anahitaji kujua ni tendo lipi hasa lililomletea zawadi. Chagua neno moja fupi. Mimi napenda "Safi!" kwa sababu linatamkwa haraka na watu wa nyumba nzima wanaweza kulisema kwa sauti ileile. Simama naye mahali tulivu. Sema "Safi!", hesabu kimoyomoyo moja, kisha toa zawadi. Mkono usitangulie neno. Rudia mara kumi hivi, pumzika, rudia tena jioni. Siku utakayolisema akiwa anatazama kwingine na akageuka haraka kukutazama, ameshaelewa.

Njia hii ina kazi nzito hapahapa kwetu. Shirika la APOPO, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, huwafundisha panya-buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwa mlio mfupi unaofuatwa na kipande cha ndizi au karanga. Panya hachapwi akikosea. Hukosa mlio tu, anajaribu tena.

Baada ya neno kueleweka, mfundishe kugusa. Fungua kiganja karibu na pua yake, kando kidogo. Atanusa, kwa kuwa mbwa ananusa kila kitu. Pua ikigusa ngozi: "Safi!", zawadi. Akishazoea, weka kiganja mbali zaidi, juu kidogo, upande wa pili. Mchezo huu unaonekana mdogo lakini utautumia maisha yote: badala ya kumvuta mbwa kwa kamba apite mahali anapopaogopa, unamwonyesha kiganja, naye anaamua kuja au kutokuja.

Hatua ya pili: kutafuta kwa pua

Kama una muda wa mchezo mmoja tu kwa siku, chukua huu. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, wakati ya binadamu ina milioni chache, na mbwa anayenusa kwa umakini anatumia sehemu kubwa ya akili yake. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha utafiti wa mbwa wa majumbani waliopewa zoezi la kutafuta kwa pua kwa wiki mbili, wakawalinganisha na wenzao waliofanya zoezi la kutembea sambamba na mtu. Kisha wakawapima kwa bakuli lililowekwa mahali ambapo mbwa hakuweza kujua kama lina kitu au halina. Waliotoka kwenye zoezi la pua walikimbilia bakuli lile haraka zaidi kuliko walivyofanya kabla ya mafunzo. Walikuwa wakitarajia mema. Wa kundi la pili hawakubadilika.

Anza hivi:

1. Tawanya zawadi kumi kwenye eneo dogo lenye sakafu au udongo mtupu, akiwa anakuona. Mwache. Usiseme neno.
2. Siku inayofuata tawanya kwenye majani mafupi. Utasikia pumzi yake ikibadilika, inakuwa fupi fupi na ya haraka. Hiyo ndiyo sauti ya kazi.
3. Akishaweza, ficha vipande nyuma ya tofali, chini ya jani la mgomba, juu ya ukingo wa ngazi. Bado akuone ukificha.
4. Mwisho, ficha akiwa ndani au nyuma ya nyumba, kisha mfungulie na umwambie "Tafuta!"

Upepo una maana. Ukificha kitu upande upepo unakotoka, harufu itamfuata. Ukificha upande wa pili itambidi azunguke aikate njia ya harufu. Mpe kwanza ule rahisi. Akipotea, usielekeze kidole. Tembea tu pole pole karibu na eneo lile kama mwenye shughuli zake, au ongeza kipande cha pili karibu na cha kwanza ili harufu izidi. Ukimzoesha kidole, atajifunza kukutazama wewe kila akikwama, na pua itakaa bure.

Wapo ndugu zetu, hasa wa Pwani, wanaofuga mbwa wa ulinzi lakini hawapendi kuguswa na mate yake kwa sababu za twahara, yaani usafi wa kidini. Hatua hii inawafaa kuliko zote: chakula kinarushwa ardhini, mkono haukutani na ulimi, na mbwa anapata faida yote.

Hatua ya tatu: mafumbo ya vitu vya nyumbani

Huhitaji vifaa vya dukani. Trei ya mayai, ndoo, gunia na chupa ya plastiki vinatosha kwa miezi.

Trei ya mayai ndiyo mlango. Weka zawadi kwenye vishimo, bila kufunika. Kesho funika vishimo vichache kwa vipande vya karatasi vilivyokunjwa. Keshokutwa vyote. Baadaye geuza trei ya pili juu yake iwe kifuniko. Akiichana, muache aichane. Kuchana ni njia mojawapo ya kutatua tatizo. Akianza kumeza karatasi, ondoa.

Gunia au kitambaa kikuukuu: tandaza, panga zawadi, kunja mara moja. Akijua kukunjua kwa pua, viringisha kama mkeka. Mbwa wengine husukuma kwa pua, wengine huweka guu juu na kuvuta kwa meno. Usimchagulie mbinu.

Chupa inahitaji maelezo zaidi kwa sababu hapa ndipo wengi humtisha mbwa. Chupa ya lita moja ikigongana na sakafu ya saruji inapiga kelele, na mbwa mwoga akiisikia mara moja anaweza asiisogelee tena. Anzia kwenye majani au juu ya mkeka. Toa kizibo, toa na ile pete ya plastiki shingoni isije ikamezwa, bandua karatasi. Siku ya kwanza weka zawadi pembeni ya chupa tu. Siku ya pili weka nyingine mdomoni mwa chupa. Ndipo uweke ndani vipande vingi, vingi kweli, ili akiigusa kidogo tu kidondoke kimoja. Akishacheza na chupa kwenye majani, isogeze kwenye udongo, halafu kwenye saruji. Mwisho wa safari hii hajapata tu akili ya kuigeuza chupa. Amezoea pia kelele aliyoitengeneza mwenyewe na haikumdhuru. Kwa mbwa anayeruka sufuria ikianguka jikoni, hilo ni jambo kubwa sana.

Sheria ya kukwama: akihangaika akiwa bado anajaribu, mwache. Kuhangaika kidogo ndiko kunakojenga. Akiacha, akaketi akakutazama au akaanza kubweka, rudi hatua moja: fungua karatasi kidogo, legeza mkunjo, ongeza vipande ndani ya chupa. Usimtolee chakula mkononi. Afaulu kwenye fumbo jepesi zaidi, umalizie hapo.

Hatua ya nne: mchezo wa boksi

Chukua boksi la kawaida la karatasi, ukate ukuta mmoja liwe wazi. Liweke chini. Kaa kwenye kigoda ukiwa na zawadi. Usimwagize lolote. Akilitazama: "Safi!" na kipande. Akisogea, akinusa, akigusa kwa guu: vilevile. Kila jambo jipya linalipwa.

Dakika za mwanzo mbwa aliyezoea kuchapwa au kukemewa hatafanya kitu. Atakaa, atakutazama, atangoja amri. Huyo amejifunza kwamba usalama ni kutofanya kitu. Lipa hata kugeuza jicho kuelekea boksi. Nimeona mbwa wa aina hiyo akimaliza kipindi chote bila kunyanyuka, kesho yake akanyoosha guu moja polepole, akaligonga boksi, kisha akamtazama mwenye nyumba kama anayeuliza. Mpigie "Safi!" ya furaha hapo, umpe vipande vitatu mfululizo. Ndipo mlango unapofunguka. Baada ya boksi tumia karai, tairi chakavu lililolazwa, kiti cha plastiki. Kwa kila kitu anza upya kabisa.

Hatua ya tano: miguu ijue inakokanyaga

Mbwa wengi wa mjini hawajawahi kukanyaga kitu zaidi ya saruji na mchanga. Panga njia fupi uani: gunia, turubai linalotoa mchakacho, kipande cha bati kisicho na ncha kali, ubao uliolala chini, kisha ubao huohuo juu ya matofali mawili. Tupa zawadi kabla, juu na baada ya kila kimoja, umwachie njia ya kukwepa pembeni. Akikwepa bati leo, sawa. Ubao usiinuliwe juu kuliko goti lako, na mtoto wa mbwa asiruke kutoka juu, viungo vyake bado vinakua.

Baadaye weka fimbo nyembamba chini ya ubao ili uyumbe kidogo sana. Mbwa anayejifunza kutulia ardhi ikitikisika ana utulivu atakaoutumia kwenye pikapu, kwenye kivuko na kwenye meza ya daktari.

Hatua ya sita: kelele, bodaboda na wageni

Hapa umbali ndio dawa. Tafuta umbali ambao mbwa anaiona bodaboda lakini bado anakula. Inaweza kuwa mita 10, inaweza kuwa upande wa pili wa uwanja wa mpira. Mpangilio usibadilike: bodaboda itokee kwanza, chakula kifuate, ikiondoka, chakula kikome. Ukitangulia kutoa chakula, utamfundisha kwamba dagaa ni onyo la hatari. Sogea karibu kidogo tu siku ambazo anaisikia pikipiki na kukutazama wewe kwa matumaini.

Kwa wageni kuna mbinu nzuri. Mgeni asinyooshe mkono wenye chakula. Mbwa mwoga ataufuata mnofu mpaka ajikute karibu kuliko anavyovumilia, mnofu ukiisha anashtuka na kung'ata. Mgeni asimame ubavu, asimkazie macho, arushe zawadi nyuma ya mbwa. Mbwa anarudi nyuma kula, mwili unalegea, kisha anachagua kusogea tena. Mwambie mtoto aliyekuja kutembea, "Mwanangu, usimguse, mrushie huko nyuma yake," na akimaliza vipande vitano aende zake kucheza.

Mnyororo, na swali la ulinzi

Usifanye hatua ya sita kwa mbwa aliyefungwa mnyororo. Asipoweza kuondoka, amebaki na njia moja tu ya kuongeza umbali, nayo ni meno. Kutawanya chakula kwenye duara la mnyororo kunaruhusiwa, ni bora kuliko kutwa nzima ya kukodolea macho ukuta, lakini mfungulie muda wa michezo uani geti likiwa limefungwa. Mnyororo wenyewe, ukiuliza maoni yangu, ubadilishwe kuwa banda au uzio mara tu uwezo ukiruhusu.

Watu huuliza kama mbwa wa michezo ataendelea kulinda. Mbwa wanaonusa pembe za ndovu kwenye bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hupita katikati ya kontena, forklifti na umati, na wanalipwa kwa mchezo. Mbwa aliyejengwa hivi anasimama mahali pake, anabweka kwa sababu, na ananyamaza mwenyeji akifika. Mwoga humbwekea hata paka, mpaka majirani wanaacha kumsikiliza.

Watoto wa mbwa

Watafiti wa tabia za mbwa, John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kuukubali ulimwengu, takriban wiki ya 3 hadi ya 12. Anachokutana nacho kwa wema wakati huo hukizoea kwa urahisi ambao haurudi tena. Mwache na mama yake mpaka wiki ya 8, lakini huko huko aliko awekewe trei, boksi, gunia na sauti za redio. Kwa kuwa chanjo zake hazijakamilika na parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara, inaua haraka, mtembeze mtaani ukiwa umembeba kwenye kikapu, asikanyage mahali mbwa wengine wanapojisaidia.

Ratiba

Dakika tano asubuhi na tano kabla ya mlo wa jioni zinatosha. Wiki ya kwanza neno la alama na kutawanya chakula tu. Wiki ya pili ongeza trei. Boksi na ubao vingoje mpaka akiona umebeba trei anakuja mbio. Siku ya mvua ya radi, msiba wenye vipaza sauti au fataki za mwaka mpya, rudi kwenye kutawanya ndani ya nyumba na usidai zaidi.

Kama una mbwa wawili, watenganishe wakati wa mafumbo. Yule mnyonge hatatatua kitu akijua mwenzake atamnyang'anya, na ugomvi wa chakula huanza kimya kimya. Na mbwa aliyekuwa akicheza vizuri akiacha ghafla, akawa anajificha au ananguruma akiguswa, usimwongezee mazoezi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe maumivu na homa ya kupe kwanza.